BAHARI INAPOKUNYWA GESI: MAGAMBA YA VIUMBE VIDOGO YANAVYOLIKA

Juzi nilibishana na mjomba wangu, mvuvi wa dagaa wa miaka mingi. Nilimwambia moshi wa magari na viwanda unabadilisha maji ya bahari. Akacheka sana. "Mpwa wangu, bahari hiyo ni kubwa, moshi utaifanya nini?" Nikakosa jibu. Kemia yenyewe kidato cha nne nilipata D. Basi nimekaa kafe siku tatu nasoma, na niliyoyapata ndiyo haya. Nimeyapanga kwa maswali ili hata aliyekuwa anatoroka kipindi cha Kemia aelewe.

1. Gesi inaingiaje baharini?

Fungua chupa ya soda. Yale mapovu ni hewa ya ukaa, ile ile inayotoka kwenye eksozi na kwenye moto wa kuni. Ikiwa nyingi hewani, nyingine inazama majini. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwepo kama sehemu 280 za gesi hii katika kila sehemu milioni moja za hewa. Sasa zimepita 420. Karibu robo ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu inamezwa na bahari. Isingekuwa hivyo, joto la dunia lingekuwa kali zaidi. Tatizo ni kwamba hiyo huduma ina gharama yake.

Halafu maji ya baridi yanabeba gesi nyingi kuliko ya moto. Si mnajua soda ya moto ukiifungua inavyoruka? Ndiyo maana bahari za baridi zinaathirika mapema.

2. Ikishaingia inafanya nini?

Inaungana na maji na kuwa asidi ya kaboniki. Ni asidi dhaifu, lakini inaachia chembe za haidrojeni, na chembe hizo zinanyakua kitu kinaitwa kaboneti. Sasa kaboneti ikiungana na kalsiamu ndiyo inatengeneza gamba la konokono, chaza na matumbawe. Kwa hiyo kila kaboneti inayonyakuliwa ni tofali moja limeibiwa kwa fundi.

Kipimo cha asidi ni pH. Maji ya juu ya bahari yameshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1. Utasema 0.1 ni kitu gani? Kipimo hiki kinakwenda kwa mara kumi kumi, kwa hiyo hapo chembe za haidrojeni zimeongezeka kwa kama asilimia 30.

Hapa tuelewane vizuri: bahari haijawa siki. pH 7 ndiyo katikati, na bahari bado iko juu yake. Ni kama chai iliyokuwa ya moto sana ikaanza kupoa. Bado ni ya moto, lakini inapoa.

Mimi nilijaribu nyumbani. Nilitumbukiza yai bichi kwenye siki, likatoa mapovu, na baada ya siku mbili ganda limeisha, yai limebaki laini kama mpira. Siki ni kali mno kuliko bahari, lakini ganda la yai na gamba la konokono ni kitu kimoja: kalsiamu kaboneti, yaani ukoo mmoja na mawe ya chokaa.

3. Nani anaumia kwanza?

Planktoni, viumbe wanaoelea na mikondo ya maji. Nitataja wawili tu.

Wa kwanza ni kipepeo wa baharini. Huyu ni konokono mdogo, mara nyingi hazidi punje ya mchele, na mguu wake umegeuka mabawa mawili ya kuogelea. Gamba lake ni la aragonaiti, aina ya kalsiamu kaboneti inayoyeyuka haraka. Kule Pasifiki ya Kaskazini analiwa na samaki wengi, wakiwemo samoni.

Wa pili ni kokolithofora, mwani wa seli moja usioonekana bila hadubini. Unajivika visahani vya chokaa. Ile miamba myeupe ya Dover, Uingereza, imejengwa hasa na visahani hivyo vilivyorundikana chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita.

4. Ushahidi uko wapi?

Mwaka 2008 wanasayansi walivua vipepeo wa baharini karibu na Antaktika. Matokeo yalitoka 2012: magamba yalikuwa yameliwa, na wenyewe bado wako hai. Mwaka 2011 wakapima pwani ya magharibi ya Marekani. Asilimia 53 ya waliovuliwa karibu na pwani walikuwa na magamba yaliyolika vibaya, na asilimia 24 ya waliovuliwa mbali zaidi.

Lakini tusiongeze chumvi. Utafiti mwingine umeonyesha vipepeo hawa wanaweza kuziba matundu kwa ndani, ila ukarabati huo unakula nguvu zao. Na kuhusu kokolithofora, utafiti wa 2000 ulikuta visahani vinapungua gesi ikizidi, wa 2008 ukakuta vinaongezeka. Kwa hiyo si kila kiumbe ataumia sawasawa.

5. Kilichotokea Oregon

Hapa ndipo suala linagusa mfuko. Kuanzia 2007, kituo cha kuzalisha chaza kiitwacho Whiskey Creek, jimbo la Oregon, kilishuhudia vichanga vya chaza vikifa kwa mamilioni. Vichanga hivyo navyo huelea kama planktoni, na vinatakiwa kujenga gamba siku mbili za mwanzo tu. Kwanza walidhani ni bakteria. Baadaye ikajulikana kwamba upepo ulikuwa unapandisha maji baridi ya chini yenye gesi nyingi.

Dawa yao? Walifunga vipimo, wakaanza kutia sodiamu kaboneti kwenye maji ya matangi. Jamani, hiyo ni jamii ya magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage! Uzalishaji ukarudi.

6. Na sisi huku?

Matumbawe yetu yanajengwa kwa aragonaiti ile ile ya kipepeo wa baharini, na samaki wengi wa pwani wanazaliana hapo. Taasisi ya WIOMSA, yenye makao yake Zanzibar, imesaidia upimaji wa pH katika nchi za ukanda huu, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Nilimsomea mjomba yote haya. Safari hii hakucheka. Akauliza, "Sasa hayo magadi si tumwage baharini?" Nikamwambia mjomba, tangi lina mwisho, bahari haina. Dawa ni kupunguza moshi wenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nina ngalawa ya tanga. Moshi wangu uko wapi?"

Hapo nimekwama tena wadau. Afrika nzima inatoa sehemu ndogo tu ya gesi hii duniani, lakini maji hayana mpaka. Nani amjibu mjomba? Dakika zangu zimeisha hapa kafe. Tukutane kwenye maoni.