Mwanamke kwenye nyimbo: Asifiwe kwa kutafuta au kwa kuvumilia?

Tunduma, mji wa mkoani Songwe unaopakana na Nakonde ya Zambia, wanawake wengi wako sokoni na mpakani wakisaka riziki. Lakini nyimbo wanazozisikia kila siku zinawataka wawe nani? Mambo manne ya kujua:

1. Siti alianza zamani
Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Zanzibar, alirekodi santuri za Kiswahili kule Bombay mwaka 1928. Wimbo wake "Kijiti" unahusu mwanamke aliyeuawa. Muuaji alitoroka, wakafungwa wanawake waliokuwa na marehemu. Siti aliimba kesi ambayo mahakama iliipindisha.

2. Wimbo mpaka bungeni
Vicky Kamata alijulikana kwa "Wanawake na Maendeleo", wimbo unaohimiza kina mama kujituma. Baadaye akawa mbunge wa viti maalumu.

3. Jaydee na upanga wa pande mbili
"Wanaume Kama Mabinti" ya Lady Jaydee inawachana wanaume wasiojitambua. Ila angalia jina lenyewe: tusi la mwanaume hapo ni kuitwa binti. Hata ngoma ya kumtetea mwanamke inaweza kubeba mtazamo uleule wa zamani.

4. Kwenye country ni hivyo hivyo
Marekani, mwaka 1952, Kitty Wells alijibu wimbo wa mwanaume uliowalaumu wanawake, akawa mwanamke wa kwanza kushika namba moja peke yake kwenye chati ya country ya Billboard. Mwaka 1968 Tammy Wynette akaimba kuhusu kusimama na mume wako hata akikosea. Mwaka 1975 Loretta Lynn akatoa wimbo kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya redio zikagoma kuupiga. Kwa jirani zetu Kenya, Esther Konkara ni mmoja wa wanawake wanaoimba country.

Kwa nini ni ishu?
Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuolewa miaka 15 kwa msichana, 18 kwa mvulana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema hilo linakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali. Wimbo haubadilishi sheria, lakini unamzoesha binti kuona kipi ni cha kawaida: kuvumilia, au kuuliza.

Wimbo gani unapigwa sana mtaani kwako, na unamwambia nini binti anayeusikiliza?