Kipokezi

Kitenzi pokea kimetuzalia mpokeaji, mapokezi na, katika baiolojia, kipokezi: protini inayonasa homoni. Homoni ya estrojeni hupenya utando wa seli bila kubisha hodi na kukikuta kipokezi chake ndani. Homoni na kipokezi vikishashikana, vipokezi huungana viwili viwili, hujibandika kwenye DNA na kuchochea jeni fulani zinakiliwe. Protini hutengenezwa, seli hugawanyika, ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa. Elwood Jensen alikibaini kipokezi hiki huko Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950. Dawa ya tamoksifeni hukikalia pia: kwenye titi huzuia saratani kukua, ilhali kwenye mji wa mimba huchochea ukuaji. Jina lisikupoteze: kipokezi hakipokei tu, kinatenda.