Alama ya Kitabu: Kutoka Muhuri wa Wino hadi Lango la Sumaku

Singida ni mkoa wa wafugaji, ambako ng'ombe hutambuliwa kwa chapa ya moto au mkato wa sikio, na maktaba za umma nazo, kwa hoja ileile, ziliweka alama kwenye vitabu ili vikionekana mbali vijulikane ni vya nani. Haja hiyo ilikuwa kubwa tangu East African Literature Bureau, shirika lililoundwa mwaka 1948, liliposambaza vitabu kwa visanduku na kwa posta, kwa kuwa kitabu kilichosafiri hivyo hakikuwa na mlinzi ila muhuri wake. Sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba ya Tanganyika, Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na mtandao wa maktaba za mikoa, Singida ikiwamo, ukaenea.

Utaratibu wa mkutubi ni wa makini kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Kitabu kipya huandikwa kwenye rejesta na kupewa namba ya usajili, kisha hugongwa muhuri nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye kingo za karatasi zikiwa zimebanwa pamoja, na kwenye ukurasa wa siri, yaani ukurasa uliochaguliwa na maktaba bila kutangazwa, ili mwizi akichana kurasa za mwanzo ushahidi ubaki ndani. Hata hivyo, muhuri huthibitisha umiliki baada ya kitabu kupatikana, haukizuii kutoka.

Pengo hilo lilizibwa kuanzia miaka ya 1970 na ukanda mwembamba wa sumaku unaofichwa kwenye mshono wa kitabu, ambao usipozimwa wakati wa kuazima huliza king'ora langoni. Baadaye ilikuja chipu ya redio, ambayo pamoja na kuliza king'ora hutaja namba ya kitabu chenyewe na kurahisisha ukaguzi wa rafu nzima. Nyenzo hizi ni za thamani, lakini hutegemea umeme na fedha, karatasi ya alumini huweza kuiziba chipu, na hakuna lango linalomkamata anayenyofoa kurasa kwa wembe. Kwa maktaba ya mkoa, rejesta inayolinganishwa na rafu mara kwa mara inastahili kutangulia mashine yoyote, kwa sababu chipu hubeba namba tu, na namba isiyoandikwa popote haimwonyeshi mkutubi ni kitabu gani kimepotea.