Herufi Iliyopotea: Jinsi Lugha Zinavyobadilika

Jioni hii nataka kusema nanyi habari ya elimu moja ifundishwayo katika vyuo vikuu, nayo ni elimu ya kuchunguza jinsi lugha zinavyobadilika kadiri miaka ipitavyo. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya wenye vitabu vingi, sisi wakulima yatufaa nini?" Nawaomba mnivumilie kidogo, maana nitaanza na kosa langu mwenyewe, nililolifanya katika shule ya kijiji.

Yapata miaka ishirini sasa, nilipokuwa mwalimu kijana, alikuwako darasani mtoto mmoja aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, na kwao husemwa Kinyanja. Siku moja alisimama akasema kwamba ana "njala". Wenzake wakacheka. Nami badala ya kuwanyamazisha, nilimwambia kwa ukali, "Usituharibie Kiswahili, sema njaa." Mtoto akaketi, na tangu siku ile hakufungua kinywa ila alipoulizwa. Baadaye nilikwenda katika chuo cha ualimu, nikasoma habari hizi, ndipo nikafahamu ya kuwa neno lile halikuwa Kiswahili kilichoharibika. L yake ilikuwa ya kale. Sisi ndio tulioipoteza.

Tutazame ushahidi. Sisi twasema njaa. Kinyanja ni njala, Kiganda ni enjala, Kinyarwanda ni inzara. Sisi twasema mvua. Kinyanja ni mvula, Kizulu ni imvula, Kinyarwanda ni imvura. Sisi twasema njia. Kinyanja ni njira, Kinyarwanda ni inzira. Sisi twasema mguu. Kiganda ni okugulu, Kinyarwanda ni ukuguru. Neno moja likifanana na jingine, huenda ni bahati tu. Lakini maneno mengi yakipishana kwa namna ile ile, wenzetu wakiwa na l au r mahali petu palipo patupu, hiyo si bahati tena. Ni dalili ya kuwa zamani palikuwa na sauti, na katika Kiswahili sauti ile imetoweka.

Tena ushahidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mama huzaa, lakini mtoto huzaliwa. Mtu hutoa fedha, lakini fedha hutolewa. Mlango twaufungua, nao hufunguliwa. Je, hiyo l yatoka wapi? Haikuletwa na mtu. Ilikuwapo tangu kale, ikajificha. Waganda husema okuzaala, na Wazulu husema zala, mpaka leo. Basi kila mtoto asemaye "nilizaliwa" anatamka masalio ya usemi wa mababu, bila kujua.

Elimu hii haikuanza juzi. Katika mwaka wa 1786 Sir William Jones, hakimu wa Kiingereza aliyekuwa Calcutta katika Bara Hindi, aliwaambia wenzake kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zafanana mno hata haiwezekani iwe bahati. Lazima zimetoka katika chimbuko moja. Katika mwaka wa 1822 Jacob Grimm, Mdachi, alieleza kanuni za mabadiliko ya sauti: mahali penye p katika neno la Kilatini pater, maana yake baba, pana f katika neno la Kiingereza father. Na katika mwaka wa 1878 Hermann Osthoff na Karl Brugmann walisisitiza kwamba kanuni za sauti hazibagui. Likionekana neno lisilofuata, mwanafunzi asiseme, "Ndivyo lilivyo tu," bali atafute sababu yake. Kwa mfano, sisi twasema kulala, na l zake zipo. Neno la namna hiyo halimruhusu mchunguzi kulifumbia macho.

Kwetu Afrika, Wilhelm Bleek ndiye aliyezipa lugha zetu jina la Bantu, akalitumia katika kitabu chake cha mwaka wa 1862. Carl Meinhof akafuata mwaka wa 1899, akilinganisha sauti za lugha hizo moja moja. Katika karne ya ishirini Malcolm Guthrie alifundisha lugha za Kibantu huko London na kukusanya maelfu ya maneno. Na katika mwaka wa 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walitoa kitabu kikubwa kuonyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa karibu wa Kikomoro, Kipokomo na lugha za Wamijikenda. Wataalamu wengi hukubali kwamba chimbuko la Kibantu ni mpakani mwa Nigeria na Kameruni, yapata miaka 4,000 au 5,000 iliyopita.

Mwanafunzi wa elimu hii hutenga kwanza maneno ya kuazima. Tukihesabu, moja mpaka tano na nane na kumi ni ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu. Meza ni ya Kireno, na Wareno walifika pwani yetu katika mwaka wa 1498. Kwa hiyo neno hilo haliwezi kuwa kongwe kuliko hapo. Basi wako watu wasemao kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Kuazima chungu kwa jirani hakukufanyi kuwa mtoto wa nyumba yake. Mwili wa lugha, yaani jinsi tusemavyo mtu na watu, kiti na viti, ni wa Kibantu.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba njala ni bora kuliko njaa. Kinyanja nacho kimebadilika kwa njia zake, na kila lugha isemwayo na watu hai hubadilika. Mtoto shuleni hana budi kujifunza kuandika njaa, maana ndilo neno la Kiswahili sanifu. Nisemalo ni kwamba lugha ya nyumbani kwake isichekwe. Mtoto akiionea haya ataiacha, na ikiisha kuachwa, ushahidi wake hufa pamoja na wazee.

Basi nawapa kazi ndogo. Ulizeni nyumbani maneno kumi: mvua, njaa, njia, mguu, kuzaa, na mengine mtakayoyachagua. Yaandikeni ubavuni mwa Kiswahili, kisha tazameni ni sauti gani huja mahali pa sauti gani. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kazi ifanywayo katika vyuo vikuu, nayo yahitaji karatasi, kalamu na bibi mwenye subira.

Yule mtoto wa Ziwa Nyasa sasa ni mtu mzima, wala sijapata kuonana naye. Kama anasikiliza jioni hii, namwomba radhi.