Ufuo wa Chicago na Ahadi ya Ramani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya ufuo wa Chicago, mji mkubwa wa Marekani uliojengwa kando ya Ziwa Michigan, yatufunza jambo la pili: hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa hapana mtu wa kulifungua.

Katika mwaka wa 1836 Chicago ulikuwa mji mdogo. Makamishna waliopewa kazi ya kuchimba mfereji waliuza viwanja vya mji ili wapate fedha. Lakini ukanda mmoja wa ardhi, baina ya Michigan Avenue na maji, hawakuuuza. Juu ya ramani waliandika kwamba ni ardhi ya watu wote, nayo itabaki wazi milele, pasiwe na jengo wala kizuizi cho chote. Walionunua viwanja vilivyoelekea ziwa walinunua kwa kuiamini ahadi hiyo.

Ahadi ilisahauliwa upesi. Mwaka wa 1852 kampuni ya reli ilipitisha njia yake majini, juu ya nguzo za miti, mbele ya ufuo. Moto mkubwa wa 1871 ulipouteketeza mji, kifusi cha nyumba kilimwagwa kati ya reli na ufuo, na polepole ziwa likawa nchi kavu. Ardhi hiyo mpya ikajaa mabanda na takataka, na wakuu wa mji wakaiona kuwa nafasi nzuri ya kujenga.

Aaron Montgomery Ward alikuwa mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuuza bidhaa kwa njia ya posta, na jengo lake lilielekea ufuo huo. Mwaka wa 1890 alifungua mashtaka, akitaka maneno ya ramani yaheshimiwe. Hakudai kwamba ardhi ni yake. Haki yake ya kushtaki ilitokana na kumiliki kiwanja kilichouzwa kwa ahadi ile. Mara nne, kati ya 1897 na 1910, Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois ilimpa ushindi, na ardhi iliyotokana na kifusi nayo ikawekwa chini ya ahadi ile ile.

Ushindi haukumletea sifa. Tajiri Marshall Field, aliyefariki mwaka wa 1906, aliacha katika wasia wake dola milioni 8 kwa ajili ya jumba la makumbusho, na wengi walitaka lijengwe katikati ya bustani, ambayo tangu 1901 iliitwa Grant Park. Daniel Burnham naye aliliweka hapo katika mpango wake mashuhuri wa mji wa 1909. Ward alikataa. Alilaumiwa sana, akajibu kwamba alipigania maskini wa Chicago, si matajiri. Alifariki mwaka wa 1913. Jumba lilifunguliwa mwaka wa 1921, lakini kusini mwa bustani.

Tusidhani kwamba waliompinga walikuwa watu wabaya. Jumba la makumbusho ni kitu chema, na hapo ndipo penye hatari. Mwizi akija kuinyakua ardhi ya watu wote, kila mtu hupiga kelele. Lakini ikimegwa kwa ajili ya shule, jumba au barabara, ni nani athubutuye kukataa? Kila kipande huondoka kwa sababu njema, hata siku moja watu wakauliza ufuo umekwenda wapi. Kufyeka nyasi na kupanda miti ni kazi ya mtunza bustani. Kuikumbuka ahadi ni kazi ya kila raia.