Odumbe na Pesa za Kamari

Sie vijana wa Mlandege ni watu wa kandanda. Kriketi twaiona mchezo wa watu wengine. Lakini kisa cha Maurice Odumbe wa Kenya chatuhusu.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Kombe la Dunia hilo! Nahodha Odumbe alichukua wiketi 3, akawa mchezaji bora wa siku.

Agosti 2004, Jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe alimtia hatiani kwa kupokea pesa za mchezesha kamari. Akafungiwa miaka 5. Mwenyewe alikana.

Wapo wasemao: kupokea si kuuza mechi. Mie sikubali. Mchezesha kamari hatoi sadaka, ati! Ukishakula chake, siku mpira ukikuponyoka kwa bahati mbaya, nani atakuamini? Na wenzako 10, wasioonja hata senti, watatazamwa kwa jicho lile lile.

Odumbe alirudi uwanjani 2009. 2018 akateuliwa kocha wa Kenya. Adhabu aliimaliza. Ila vijana aliowafundisha ndio waliostahili kusikia kisa hiki kwanza, tena kwa kinywa chake.