Wembe wa Guku

Nimepotea, najua. Mitihani ilinibana, ilipoisha nikapanda basi moja kwa moja kwenda nyumbani Bariadi. Wale mlioniona juzi na plasta mbili shingoni mkauliza kama nilikabwa stendi, hapana jamani. Nilikuwa najifunza kunyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa wazee. Stori ni ndefu kidogo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia mtanivumilia nikizunguka.

Guku (ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita babu) mikono inamtetemeka siku hizi. Harusi ya binamu ilikuwa imekaribia na saluni hataki hata kuisikia, anasema mashine inamla ngozi. Akanituma uvunguni mwa kitanda nilete kopo la Blue Band. Ndani kulikuwa na wembe wenye mpini wa pembe, mkanda wa ngozi uliokauka, na kwenye chuma herufi zilizofutika nusu: SOLINGEN. Huo ni mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Aliununua Mwanza baada ya kuuza pamba yake ya kwanza, enzi za Victoria Federation, ule muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba ulioundwa 1955 na kina Paul Bomani.

"Utaninyoa wewe, mwalimu," akasema. "Lakini kwanza jinyoe mwenyewe nikuone."

Basi bwana, nikaenda sokoni nikanunua ule mpini wa vinyozi unaopachikwa nusu ya kiwembe cha kawaida. Wa Guku sikuugusisha shavuni kwangu, na sababu nitaieleza.

Siku ya kwanza nilinyoa kavukavu, kwa haraka. Mnajua kilichotokea. Guku akacheka mpaka akakohoa, kisha akaanza darasa. Maji ya moto kwanza, kitambaa kikae usoni mpaka ndevu zilainike. Sabuni ipigwe povu zito. Ngozi uivute kwa mkono mwingine, wembe ulale karibu ugusane na shavu (mimi nakadiria nyuzi 30), usikandamize, na ufuate zinakolala ndevu. Kwa watu wenye nywele za kujipinda kama sisi hilo la mwisho si urembo. Ukinyoa kinyume, unywele unakatwa ndani sana, ukiota ncha inajirudisha ngozini, hapo ndipo vile vipele vinapoanzia.

Ile methali ya mwenzako akinyolewa zako tia maji tumeimba tangu darasa la tatu, na mwalimu anaisahihisha kama fundisho la kujihadhari. Sawa. Ila mimi siku ile niliisoma kama hati ya kihistoria. Aliyeitunga aliona watu wamepanga foleni kwa kinyozi mmoja na wembe mmoja, na wa nyuma analowesha kichwa kabla zamu haijafika. Hakuna aliyemwambia msikilizaji maji ni ya nini, maana kila mtu alijua. Na kinyozi hajinyoi? Huko Ufaransa fundi visu mmoja, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima mwaka 1769 cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Yaani huko nako kujinyoa kulihitaji somo.

Chuma chenyewe kwetu hakikuja na Mjerumani. Ng'ambo ya ziwa, Buhaya, wafua chuma walikuwa wanatoa chuma cha pua kwa tanuri zilizopashiwa hewa kabla haijaingia ndani, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Peter Schmidt na Donald Avery waliliandika hilo mwaka 1978 likawashangaza wengi. Tutakaofundisha kidato cha kwanza tusiliruke. Kilichobadilisha mambo hasa ni kiwembe chembamba cha kutupa. King Gillette mwaka 1903 aliuza nyembe 51 tu dunia nzima na viwembe 168. Vita ya Kwanza ikafika, jeshi la Marekani likachukua mamilioni. Baadaye vikaenea mpaka dukani kwa Mangi, na wote hapa tumechongea penseli.

Sasa ile sababu.

Guku alikuwa anawanyoa majirani chini ya mwembe, wembe ni huo huo. Siku za msiba ndiyo kabisa, ukoo mzima unapita mkononi mwake. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI wakaripotiwa Kagera, na kufikia 1986 hakuna mkoa wa Tanzania Bara uliokuwa haujaripoti. Matangazo yakaja: msichangie nyembe. Hata waganga wetu wa kienyeji wakaanza kumwambia mtu aje na kiwembe chake cha kuchanjia. Ushauri ule ulikuwa sahihi, damu ni damu. Ila njia kuu ya maambukizi ilikuwa ngono, na hiyo hakuna aliyetaka kuitaja mbele ya wakwe. Baba yetu mdogo alipofariki 1994 nyumbani ilisemwa ni kifua. Kijijini watu wakaanza kuhesabu nani na nani walinyolewa pamoja naye. Hakuna aliyekuja kugomba. Waliacha tu kuja pale mwembeni.

Haya nimeyajua mwezi huu. Guku alinisimulia huku ananifundisha kunoa, uso wake ukiwa upande wa pili. Kunoa kwenye mkanda wembe unatangulia mgongo, makali yanafuata nyuma. Nilikosea nikaukata mkanda, akasema endelea tu.

Asubuhi ya harusi nilimnyoa. Dakika 40 kamili, mkono wangu ndio uliokuwa unatetemeka kuliko wake. Alifumba macho muda wote. Nikampaka shabu, akakunja uso, akaomba kioo. "Wabeja," akasema, na hajawahi kuniambia hivyo kwa jambo lolote nililosoma.

Kwenye sherehe mzee mmoja jirani, wa rika lake, akamshika kidevu akakigeuza kushoto na kulia.

"Nani kakunyoa hivi?"

"Mwalimu huyu."

"Kwa wembe gani?"

"Ule ule."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye, wakala pilau.

Mkanda nimekuja nao huku. Fundi viatu wa getini anasema ataniwekea ngozi mpya kwa 5,000, nasubiri boom.